Kabla hujasema bibi amerudi utotoni

Msomaji mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam, ameniandikia kuhusu mama mkwe wake. Mama ana miaka 76. Ameishi kijijini Kilimanjaro maisha yake yote, na baada ya kumzika mumewe watoto wakaona asibaki peke yake, wakamleta mjini. Hii ni wiki yake ya tano. Tayari ametia chumvi mara mbili kwenye mboga, amemwita mjukuu kwa jina la shemeji yake aliyefariki siku nyingi, na usiku mmoja alikutwa getini akihangaika na komeo, anataka kwenda kuwakatia ng'ombe majani.

"Mume wangu anasema ni uzee tu, tumwache. Wifi anasema mama amechezewa na watu wa kule kijijini, anataka apelekwe kwa mtaalamu. Mimi nimesoma kwenye simu nikaona ni demensia. Nani yuko sahihi?"

Amekubali nimjibu hapa, kwa sababu ujumbe wa namna hii umekuwa mwingi. Sisi wenye watoto wa shule upande mmoja na wazazi waliozeeka upande wa pili ndio tunaolala na swali hili.

Kwa alichoniandikia, hakuna hata mmoja kati yao watatu mwenye haki ya kuwa na uhakika. Mama huyu amepoteza mume, nyumba, ng'ombe na kitanda alichokizoea, vyote ndani ya miezi michache. Halafu kuna mambo mengi yanayoweza kuishusha akili ya mzee yeyote, awe na demensia au asiwe nayo. Mengine yanapimika zahanati, na mengine yanatibika wiki hiyo hiyo. Hayo ndiyo ya kuanza nayo, kabla familia haijagawanyika.

Uzee, ugonjwa, na akili ya leo

Mzee asiye na ugonjwa anaweza kusahau jina la mtu, kisha likamjia jioni akiwa anachambua mchele. Anachelewa kujibu. Akielekezwa jambo jipya, mfano kutuma pesa kwa simu, anahitaji kurudiwa mara tatu nne. Kasi imepungua, lakini kazi zake za kila siku anazimudu.

Demensia ni jambo jingine. Ni jina la kundi la magonjwa yanayoharibu ubongo, na Alzheimer ndio unaoongoza kwa wingi. Unaofuata hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, yaani viharusi, hata vile vidogo ambavyo nyumbani hakuna aliyeviona. Kwa kawaida demensia huingia polepole, kwa miezi na miaka, mpaka kazi ambazo mtu amezifanya miaka 50 zinamshinda: kupika ugali, kuhesabu chenji, kurudi nyumbani kutoka kanisani au msikitini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 55 wanaishi nayo, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu.

Lakini kuna jambo la tatu ambalo familia nyingi hulisahau, nalo ni jinsi akili inavyofanya kazi leo, saa hii, katika chumba hiki. Chemli ikitoa mwanga hafifu si lazima mafuta yawe yamekwisha. Huenda kioo kimejaa masizi. Mzee asiye na ugonjwa akikosa usingizi, akiwa haoni vizuri na ana dawa tano mwilini, ataonekana kama mgonjwa. Na mwenye demensia ya mwanzo, akipata mzigo huo huo, ataonekana kama mtu aliyefika mwisho.

Wengi hawajui kwamba moja ya sehemu za Afrika ambako demensia imechunguzwa kwa makini ni hapa kwetu, wilayani Hai. Mwaka 2009 na 2010 watafiti wa Tanzania na Uingereza walipita vijijini wakawapima karibu wazee 1,200 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: waliokuwa na demensia walikuwa takriban 6 katika kila 100. Geuza hesabu hiyo uitazame upande wa pili. Zaidi ya wazee 90 katika kila 100, wote wamevuka miaka 70, hawakuwa nayo. Kwa hiyo ule usemi kwamba kila mzee lazima "arudi utotoni" hauna msingi, na huwafanya watu wakae nyumbani na jambo ambalo lingepaswa kupelekwa hospitali.

Kipimo kinachotumika sana duniani kilitungwa Marekani mwaka 1975. Humtaka mzee aandike sentensi, atoe saba kutoka 100 mara kadhaa, na anakili michoro miwili yenye pembe tano. Sasa mpe kipimo hicho bibi wa miaka 80 ambaye hajawahi kushika penseli. Huyo alizaliwa miaka ya 1940. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipoanza miaka ya 1970 yeye alikuwa tayari analea. Atapata alama za chini, na alama hizo hazitasema lolote kuhusu ubongo wake. Ndiyo maana watafiti wale wa Hai walitengeneza kipimo kifupi kisichohitaji kalamu. Mzee hupanga njiti za kiberiti kufuata umbo analoonyeshwa, husomewa maneno kumi kisha baadaye huulizwa anayakumbuka mangapi, hutaja wanyama wengi awezavyo ndani ya dakika moja, na maswali mengine machache ya aina hiyo. Nampenda mtu aliyewaza njiti za kiberiti. Kila nyumba inazo na kila bibi amezishika.

Hapo kuna funzo kwetu tusio madaktari. Ukimuuliza mama "leo ni tarehe ngapi?" akashindwa, jiulize kwanza kama tarehe ina kazi yoyote katika maisha yake. Mkulima anajua msimu, siku ya soko na siku ya ibada. Muulize hayo.

Ikija ghafla, usingoje

Kama utasahau mengine yote, kumbuka hili. Demensia haiji kwa siku mbili. Mzee aliyekuwa mzima Jumapili, na Jumatano anapayuka, anaona watu wasiokuwepo, au amelala tu haamki vizuri, ana mkanganyiko wa ghafla, na huo ni dharura ya hospitali. Dalili yake kubwa ni kupanda na kushuka: asubuhi anaongea vizuri, saa kumi jioni hamjui mwanawe, usiku anapigana na shuka.

Kinachouleta mara nyingi hakiko kichwani. Ni UTI, homa ya mapafu, malaria, upungufu wa maji, choo kilichofunga siku sita, mkojo uliozuilika, maumivu ya nyonga aliyoangukia bila kumwambia mtu. Kwa wazee maambukizi yanaweza kuwepo bila homa kali, kwa hiyo usimguse paji la uso ukasema hana kitu. Akiwa anatumia vidonge vya kushusha sukari na hakula vizuri, huenda sukari imeshuka mno. Hiyo hupimwa kwa tone la damu kidoleni, na ikiachwa inaua.

Wenye demensia hupata mkanganyiko huu kwa urahisi kuliko wengine, na hapo ndipo familia hukosea. Mama alishapimwa, ugonjwa unajulikana, basi akibadilika ghafla kila mtu anasema "ugonjwa umeendelea." Huenda haujaendelea hata hatua moja. Huenda ni mkojo tu.

Wifi wa msomaji wetu anataka mtaalamu wa kienyeji. Sitabishana na imani ya mtu gazetini. Ninachosema ni kwamba safari hiyo ina gharama ya siku, na mkanganyiko wa ghafla hautoi siku. Halafu yapo maneno ambayo yakishatamkwa hayarudi. Nchi hii imewazika bibi vizee, hasa Kanda ya Ziwa, walioitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa miaka mingi jikoni. Bibi anayezungumza peke yake usiku au kugonga mlango wa jirani akidhani ni kwake yuko katika hatari hiyo hiyo. Ukoo ukianza kunong'ona "amechezewa", swali linalofuata huwa ni "nani kamchezea?", na hapo mzee mwingine ameshatiwa matatani.

Mwaga mfuko wa dawa mezani

Kaa na mama, mwombe mfuko wake, mwaga kila kitu mezani. Utakuta vya presha, vya sukari, vya miguu, na vile alivyoachiwa na jirani vikabaki.

Tazama hasa dawa zinazoleta usingizi. Piriton, ambayo sisi hununua kama pipi kila tukipiga chafya, huzuia kemikali ambayo ubongo huitumia kuweka kumbukumbu. Kijana anasinzia tu, kesho anaendelea na kazi. Mzee anaweza kuchanganyikiwa, kinywa kikakauka, mkojo ukazuilika. Kwa mwenye Alzheimer kemikali hiyo tayari imepungua. Baadhi ya dawa anazopewa hospitali ni za kuilinda isipotee, halafu sisi tunampa Piriton ya kuizuia. Prometazini, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kikohozi, iko kundi hilo. Amitriptilini pia, ambayo watu wenye kisukari hupewa kwa ajili ya miguu kuwaka moto. Diazepam, ambayo wengi wanaiita Valium, ina njia yake nyingine ya kufika kule kule: usingizi mzito, kuanguka, na kumbukumbu yenye mashimo.

Usizisimamishe mwenyewe. Diazepam iliyotumika muda mrefu ikikatwa ghafla inaweza kuleta degedege. Beba mfuko wote, mpelekee daktari, uliza moja moja: "Hii bado anaihitaji?" Na pombe ihesabiwe humo humo. Mbege haiachi kuwa pombe kwa sababu ni ya mila.

Masikio, macho, na mtu aliyenyamaza

Ukimwambia mzee jambo akajibu jingine, kuna njia mbili. Amesahau, au hakusikia. Ukitaka kukumbuka neno lazima kwanza likufikie. Mtu asiyesikia vizuri hutumia nguvu nyingi za akili kukisia maneno, na zinazobaki za kuyahifadhi ni chache. Akichoka kukisia anakaa pembeni, anaacha kuchangia mazungumzo, na watoto wanasema bibi siku hizi hayupo. Wakati mwingine tatizo ni nta tu iliyojaa masikioni, na muuguzi huitoa kwa dakika chache. Usiitoe kwa njiti.

Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2023 uliwafuata wazee 977 wa miaka 70 hadi 84 wenye usikivu hafifu, nusu yao wakapewa shimesikio, kile kifaa kidogo cha kusaidia kusikia. Baada ya miaka mitatu, kwa kundi zima hakukuwa na tofauti ya maana. Lakini kwa wale waliokuwa na hatari kubwa tangu mwanzo, waliokuwa wakubwa zaidi kwa umri na wenye maradhi ya mishipa na moyo, akili ilishuka polepole kwa karibu nusu ikilinganishwa na wenzao. Naeleza pande zote mbili kwa sababu kuna wauzaji watakaokusimulia upande mmoja tu.

Macho nayo ni hivyo hivyo. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, na mzee asiyeona sura ya mjukuu hawezi kulaumiwa kwa kukosea jina lake. Kabla ya kuhesabu "amemwita mjukuu kwa jina la marehemu" kuwa dalili, msomaji wangu amchunguze mama kama anamwona huyo mjukuu. Na kama mtoto amefanana na babu yake mdogo, basi hata mimi ningekosea.

Kisha huzuni. Sonona kwa mzee mara nyingi haiji na machozi. Inakuja kwa kukataa chakula, kuamka saa tisa usiku, kujibu "sijui" kila akiulizwa. Yule wa demensia mara nyingi hujaribu kujibu hata kama anakosea. Wa sonona anachoka kabla ya kujaribu. Si kanuni ya kuaminiwa asilimia mia, na wengine wana vyote viwili, ila ni kitu cha kumwambia daktari. Mama wa Mbagala amefiwa na mume wa miaka mingi na hakupewa hata nafasi ya kuombolezea nyumbani kwake. Kumwondoa kulikuwa ni upendo, sina shaka. Ila mtu aliyekuwa akijua gizani mlango uko wapi na ndoo iko wapi, sasa yuko nyumba ambayo hata swichi ya taa hajui iko ukuta gani. Akiamka usiku akaelekea getini kutafuta ng'ombe, miguu yake inafuata ratiba iliyofuatwa maisha yote. Taa ndogo ya kuwaka usiku kucha na mlango wa choo ulioachwa wazi vinaweza kusaidia kuliko unavyodhani.

Mishipa ya damu

Hapa nitapita haraka kwa sababu mnayasikia kila siku: presha, kisukari, sigara, kukaa bila kutembea. Ripoti ya wataalamu iliyotolewa na jarida la Lancet mwaka 2024 ilitaja mambo 14 ya namna hii, pamoja na usikivu, macho, sonona, upweke, moshi na hewa chafu, na kukosa elimu utotoni, ikakadiria kuwa karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama mambo hayo yangeondolewa. Mzazi unayehangaika na ada ya binti, hiyo nayo ni kinga yake ya miaka 70 ijayo.

Ila kuna utafiti mmoja ambao haunitoki. Kuanzia mwaka 1986 David Snowdon wa Marekani aliwafuata masista wa Kikatoliki. Waliojiunga walifika 678, na walikubali kupimwa akili kila mwaka na ubongo wao kuchunguzwa baada ya kufa. Mmoja wao, Sista Mary, alifariki akiwa na miaka 101, na alama zake zilikuwa nzuri hadi mwisho. Ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa na alama nyingi za Alzheimer. Ugonjwa ulikuwepo, lakini alikuwa akifanya kazi zake na kuzungumza na watu kama kawaida. Na walipowalinganisha masista waliokuwa na alama hizo, wale waliokuwa pia na viharusi vidogo ndani ya ubongo ndio walioonyesha demensia mara nyingi zaidi walipokuwa hai.

Maana yake kwetu ni hii: hata kama Alzheimer imeshaingia na hatuna dawa ya kuifuta, presha iliyodhibitiwa bado ina kazi. Kidonge cha presha cha bibi si cha kumeza "akijisikia vibaya" tu.

Kaka wa Desemba

Wanaoishi na mzee wanalijua hili vizuri. Mwaka mzima dada ndiye anayemwogesha mama, anayetafuta funguo zilizofichwa kwenye pipa la unga, anayeulizwa swali moja mara 20. Anapiga simu mjini anasema mama hako sawa. Desemba inafika, kaka anapanda Moshi na familia, anakaa na mama saa mbili sebuleni. Mama anacheka, anauliza habari za wakwe, anasimulia mwaka wa njaa na jinsi baba yao alivyonunua shamba. Kaka anatoka nje anamwambia dada, "Mama mzima kabisa, wewe umechoka kumtunza tu."

Nimeona ndugu wakinuniana miaka kwa kauli hiyo moja. Na kaka hakusema uongo kuhusu alichokiona. Adabu ya kupokea wageni ni kitu cha zamani sana mwilini, huondoka mwishoni. Hadithi za ujana hukaa ndani kuliko za jana. Ujio wa mwana humwamsha mzee, na kwa saa mbili anaweza kujikaza. Kesho yake huchoka na kuwa mbaya zaidi, lakini kesho yake kaka amekwenda kusalimia mashemeji. Akitaka kujua hali, asiulize ya mwaka 1974. Aulize jana usiku walikula nini na nani alikuja. Na alale pale siku nne, yeye ndiye aamke saa nane usiku.

Hii inaeleza pia kwa nini siku moja nzuri haifuti ugonjwa, wala siku moja mbaya haiuthibitishi. Daktari atataka kujua mwenendo wa miezi. Daftari la shule la shilingi mia kadhaa linatosha: tarehe, kilichotokea, saa ngapi, alilala vipi, alikunywa dawa gani.

Ikithibitika kuwa ni demensia

Hata hapo kazi haijaisha, kwa sababu akili iliyobaki nayo inapanda na kushuka kulingana na sisi. Wengi huwa wazuri asubuhi na kuzidiwa jua likizama. Kwa hiyo kuoga, kwenda kliniki na mazungumzo mazito yawe asubuhi. Zima redio mnapoongea. Swali moja kwa wakati. "Mama, utakunywa chai?" na si "Mama utakunywa chai au uji, na unataka sasa hivi au tumngoje baba?"

Usimnyang'anye kazi zote. Tunafanya hivyo kwa heshima: mama pumzika, umeshafanya kazi sana. Mikono yake inakumbuka kuchambua maharage, kukunja kanga, kumenya ndizi, kufagia. Kisu cha kupasulia kuni weka mbali, jiko la gesi lifungwe, lakini maharage mpe. Wilayani Hai hiyo hiyo wamejaribu vikundi vya wazee wenye demensia, wanakutana kwa vikao, wanaimba, wanazungumza habari za zamani na za sasa, wanashika vitu wanavyovijua. Kikundi kilichochunguzwa kilikuwa kidogo, ila walionyesha nafuu katika vipimo vya akili na katika hali ya maisha. Hakikuhitaji mashine.

Kuhusu virutubisho vya "kuongeza kumbukumbu" vinavyotangazwa kwenye mitandao kwa bei ya magunia mawili ya mahindi: mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kuwa halipendekezi vitamini B, vitamini E wala mafuta ya omega-3 kwa ajili ya kupunguza hatari ya demensia. Daktari akipima damu akakuta mama ana upungufu wa vitamini B12, hilo linatibiwa, na wanaotumia metformin ya kisukari kwa miaka mingi waulizie. Nje ya hapo, hela hiyo nunua miwani.

Watoto mnaowalea wanatazama kila kitu. Waambieni kwa lugha yao: kichwa cha bibi kinachoka, kinasahau, si kwamba hawapendi tena. Wazuieni ule mchezo wa "Bibi, mimi ni nani?" Watu wazima ndio wanaouanzisha, wakidhani wanamchangamsha, na kwa mzee ni mtihani anaofelishwa mbele ya wageni. Mtoto aingie aseme, "Shikamoo bibi, ni mimi mjukuu wako, nimetoka shule," akae karibu. Bibi akimwita kwa jina la mtu mwingine, aitikie.

Kwa msomaji wa Mbagala: mpeleke mama wiki hii hospitali ya wilaya, katika dirisha la wazee. Beba mfuko wa dawa na maelezo ya wiki hizi tano. Omba apimwe presha, sukari, mkojo, wingi wa damu, malaria, na VVU na kaswende pia, kwa sababu vyote viwili huweza kugusa ubongo na hakuna anayemfikiria bibi. Atazamwe masikio na macho. Mweleze daktari kama dalili zilianza kijijini kabla ya msiba au baada ya kuhamia mjini. Mpigie simu jirani wa kule, yule aliyekuwa akimwona kila siku, atakujibu vizuri kuliko ninyi nyote. Kama lilianza kijijini miaka miwili iliyopita na mzee aliyefariki alikuwa akilificha, picha inabadilika. Hutokea sana. Wanandoa wazee hufunikana, mmoja akiwa kumbukumbu ya mwingine, na msiba ndio unaofichua.

Na mwambie mumeo na ndugu zake: mpaka majibu yatoke, mtu asimletee mama karatasi yoyote ya kihamba aweke dole gumba. Haijalishi ni nani kaileta, wala kama ni saa ya asubuhi na mama anacheka.

Wale mlioniuliza kuhusu mtoto wa darasa la tatu anayekojoa kitandani tangu ahamie shule ya bweni, nawajibu wiki ijayo.